Hii niandike ukurasa gani? Kisa cha soja wa kanisa letu

Kaunta buku yenyewe ni ile ya jalada jeusi, kona zimelika, imefungwa na raba iliyokatwa kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Mbele Mzee, ndio soja yaani mlinzi wa geti la kanisa letu, huandika namba za magari ya wageni, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ukiigeuza uanze na nyuma unapata hesabu ingine, hii ni ya penseli. Januari 8000. Februari 8000. Machi 8000, bado 3000. Aprili 4000 korona. Hivo hivo ukurasa baada ya ukurasa toka 2019, na kila mwezi uliolipwa ukamalizika ameuwekea alama ya tiki ndogo.

Niliiona Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2024, saa nane hivi. Mvua ilikua imeshika nikaingia kibanda cha geti kungoja ipungue, Mzee akaniomba nimsomee meseji ya M-Pesa juu miwani yake ilikua imevunjika mguu mmoja, na kitabu kilikua wazi kwa goti lake. Sikupekua. Lakini mimi ni mhasibu, namba zikiwa mbele yangu macho yanasoma yenyewe.

Kanisa silitaji, ni la Eastlands hapa Nairobi, wenye wanalijua wataelewa. Tunajenga. Ukutani kuna ile picha ya kipimajoto imechorwa na rangi nyekundu kuonyesha pesa za ujenzi zimefika wapi, lengo milioni 12, na kila harambee ikiisha kijana mmoja anapanda ngazi anaongeza rangi watu wakipiga vigelegele. Mzee ndio analinda hiyo saiti usiku, analinda kanisa mchana, anafagia, anafungua maji, Jumapili anapanga magari. Siku saba kwa wiki. Analala kwa chumba cha mabati nyuma ya choo cha wanaume.

Sasa skizeni mahubiri ya hio Jumapili yalikua nini, ndio mjue kwa nini hizo tiki zilinichoma. Wiki moja kabla, tarehe 17, Rais Ruto alikua ameenda kanisa Katoliki la Soweto kule Kayole akatoa laki sita za kwaya na watoto na milioni mbili za nyumba ya padri, na kuahidi zingine, kesho yake Askofu Mkuu Anyolo akasema hizo pesa zirudishwe. Nairobi nzima iliongea hio maneno. Na kumbukeni ilikua mwaka wa Juni 25, ile siku vijana waliandamana mpaka wakaingia Bunge, na vijana walikua wameshauliza makanisa wazi kabisa, nyinyi mko upande gani, maana wanasiasa walikua wanaongelea madhabahuni kila Jumapili na bahasha zinapokelewa. Kwa hivyo Pasta wetu alisimama na Amosi 5, ile ya haki kutelemka kama maji. Alihubiri vizuri, sitamnyima. Alisema Mungu hataki nyimbo zetu kama maskini analia langoni. Langoni! Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na Mzee wakati huo ako huko huko langoni na koti la plastiki anaelekeza Probox ya mtu irudi nyuma polepole.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Mimi niko kwa kamati ya fedha tangu 2021. Kila mwaka bajeti inakuja na laini moja imeandikwa "Ulinzi, 96,000" na kila mwaka nimeipitisha. Elfu nane mara kumi na mbili, hata mtoto wa darasa la tatu anaiona. Mwaka wa 2023 tulinunua spika mbili za elfu 140 nikauliza maswali tatu kuhusu waranti. Kuhusu Ulinzi sikuuliza hata moja. Kwa hivyo hiki kisa sikichambui kama mtu amesimama nje anaangalia.

Usiku huo nikakaa na eksel. Nilichukua kima cha chini cha mshahara cha Nairobi kwa kibarua wa kawaida, sio cha soja wa usiku ambacho kiko juu kidogo, makusudi, ndio mtu asiseme natia chumvi. Hicho kima kilikua 13,572.90 kutoka 2018, kikapanda kikawa 15,201.65 Mei 2022, halafu 16,113.75 kuanzia Novemba 2024. Mzee amelipwa elfu nane muda huo wote. Ukipiga hesabu kuanzia Januari 2019 mpaka mwisho wa Desemba 2024 unapata pengo la 455,193, kisha kuna ile miezi minne ya 2020 makanisa yamefungwa na serikali, akalipwa nusu, ingawa kulinda hakufungwa, hio ni elfu 16 ingine. Jumla 471,193. Hapo sijaweka likizo ambayo sheria inampa siku 21 kwa mwaka na hajawahi kwenda hata moja, sijaweka siku ya kupumzika kila wiki, sijaweka NSSF, ile akiba ya uzeeni.

Na sheria haina mlango wa nyuma wa makanisa. Sheria ya Ajira ya 2007 imeacha nje jeshi, polisi, magereza, NYS ile huduma ya vijana kwa taifa, na biashara ya familia ambayo wafanyakazi ni watoto na wategemezi wa mwenyewe tu. Kanisa halimo kwa hio orodha. Inasema pia kazi ya miezi mitatu kwenda juu iandikwe mkataba, na mwenye jukumu la kuuandika ni mwajiri, na kesi ikifika mbele na mwajiri hana karatasi basi mzigo wa kuthibitisha ni wake. Sisi hatukua na karatasi hata moja. Karatasi zote zilikua za Mzee, na raba ya baiskeli.

Hapa ndio nikafanya kosa langu, na naliandika juu naona watu wengi wenye moto wa haki wanalifanya. Asubuhi nikapiga picha zile kurasa nikisema ati naangalia kitu, nikazitupa kwa grupu ya watsapu ya kamati na hesabu yangu chini yake na mstari wa Yakobo 5:4, ule wa ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Nilijiona nabii kabisa. Sikumuuliza mwenye kitabu.

Ilimfikia kabla ya saa sita. Nilipopita jioni hakuinuka. "Kijana," akasema, sio kijana wangu vile huniita, "uliniuliza?" Nikaanza kueleza mambo ya sheria. "Nina watoto wawili shule. Ukinifukuzisha hapa wewe utawalisha na hio simu?" Akafunga kitabu akakikalia. Wiki mbili hatukusalimiana vizuri. Enyewe alikua sawa. Nilikua nimechukua jambo lake nikalifanya langu, na kama lingegeuka vibaya mimi ningebaki na kazi yangu mjini na yeye angebaki na begi nje ya geti.

Kwa grupu majibu yalikuja kwa harufu tofauti tofauti. Mwenyekiti wa ujenzi alisema Mzee anatumikia Mungu, thawabu yake iko mbinguni. Haya, lakini kontrakta wa taili pia ni mtu wa kanisa, ameokoka, anaimba besi, na hakuna siku amelipwa mbinguni. Mwingine akasema alikubali mwenyewe hio elfu nane. Mwingine akasema analala bure, na hapo nilijibu, chumba kinafuta marupurupu ya nyumba, hakipunguzi mshahara wenyewe, nilikua nimeshakihesabu. Halafu mzee mmoja wa kanisa akaleta 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu hawapelekani kortini, nadhani aliogopa afisa wa leba. Hio sura tunaipenda sana makanisani na huwa tunaisoma mpaka mstari wa saba tunafunga Biblia. Paulo anauliza kwa nini msikubali kudhulumiwa, sawa, lakini mstari wa nane anawageukia wenye kudhulumu na kunyang'anya ndugu zao, ndio alikua amewakasirikia. Sasa swali ni nani kwa hiki kisa ako mstari wa saba na nani ako wa nane. Anayedai hajafungua kesi yoyote. Anayedaiwa ndio anamsomea mistari.

Pasta alijaribu kutuliza. Akasema tumchangie. Na mimi nataka tusimame hapa kidogo juu kwa maoni yangu hapa ndio kisa chote kimelala, ingawa wakati huo wote tuliona ni wazo zuri, hata mimi nilitoa elfu mbili.

Jumapili ya tarehe 8 Desemba Mzee akaitwa mbele. Akavua kofia, akaishika na mikono miwili mbele ya tumbo, akasimama karibu na kile kipimajoto chekundu. Mama Mhazini, mwalimu wa hesabu huyu na mtu mzuri tu kusema ukweli, akaeleza vile baba yetu amekua mwaminifu, kwaya ikaimba, kapu likapita. Elfu 37 na mia nne. Zikawekwa kwa bahasha, akaambiwa apige magoti aombewe, picha zikapigwa, watu wengine walilia machozi ya kweli. Pasta akamuwekea maiki aseme neno. Akasema Mungu awabariki. Akarudi geti, magari yalikua yameanza kutoka.

Mimi nilimfuata kuomba msamaha, hatimaye. Nilimpata ameshika penseli, kitabu kimefunguliwa upande wa nyuma, bahasha iko juu ya stuli. Aliniangalia kama mtu anauliza mhasibu swali la kikazi, bila hasira.

"Hii niandike ukurasa gani?"

Sikua na jibu. Kama ni mshahara basi ni wa mwezi gani, na nani amesaini? Kama ni zawadi basi mbona imetolewa na mtu anayekudai, samahani, anayedaiwa? Ukidaiwa na mtu deni la laki nne halafu ukampa elfu 37 ukiwa umesimama na yeye amepiga magoti, umemlipa ama umemkopa tena? Na yeye sasa anatakiwa kushukuru. Mtu akishashukuru mbele ya watu mia nne, wiki ijayo atadai na mdomo gani?

Tunachanganya hivi vitu viwili nadhani kwa sababu vyote viwili viko kwa Biblia na vyote vinaitwa upendo. Sadaka ni yangu, nikitaka natoa, nisipotaka sitoi, na nikitoa nakua mkubwa kidogo. Mshahara sio wangu toka jua lilipozama. Kumbukumbu la Torati 24 inasema hivo kabisa, maskini uliyemwajiri mpe ujira wake siku hio hio kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana juu yako ikawa dhambi kwako. Haisemi umhurumie. Na Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko tunavyojua. Pasta akifundisha wokovu anasema tunahesabiwa haki. Soja akidai anasema nataka haki yangu. Neno moja. Heri wenye njaa na kiu ya haki, kibaruani wanaisikia vingine na kwaya wanaisikia vingine, na sioni kama Yesu alitaka tuchague. Mimi kama mhasibu hilo neno kuhesabiwa sasa siwezi lisikia bila kuona kile kitabu.

Kikao chenyewe cha kamati kilikaa Jumamosi iliyofuata, watu kumi na mmoja, chai na mandazi. Safari hii nilienda kwa Mzee kwanza. Akaniambia mambo matatu: asiitwe mbele tena, asipoteze kazi, na kitabu akitoe yeye mwenyewe na mkono wake. Kwa hivyo alikaa pale kwenye kiti cha plastiki na kaunta buku kwa magoti.

Tulizunguka saa nzima. Mama Mhazini alikua na hesabu yake, na kwa hesabu yake ile 37,400 ilikua imepunguza deni, ati tumeshaanza kulipa. Hapo ndio nilielewa swali la Mzee lilikua na akili kiasi gani, aliona hio ikija kabla yetu sote.

Aliyegeuza kikao ni shosho mmoja wa kina mama ambaye kawaida huja kikao akifuma sweta haongei. Huyu 1992 alikua na kibanda cha uji mjini. Wale akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula Uhuru Park wakidai watoto wao, polisi wakawapiga mwanzo wa Machi, wengine wakavua nguo mbele ya polisi kwa uchungu, walipata pa kujificha All Saints Cathedral, chini ya ardhi pale, Provost Peter Njenga akakubali wakae, na walikaa karibu mwaka mzima mpaka wengi wa wale wafungwa wakatoka mapema 1993. Shosho alikua anawapelekea uji. Huwa tunamwambia asimulie hio kwa siku ya kina mama, tunapenda sana. Wengi wetu tukisema kanisa na haki Nairobi tunamaanisha hio, na Saba Saba ya 1997, yale maandamano ya tarehe 7 Julai ya kudai mageuzi, polisi walipoingia All Saints hio hio wakapiga watu, Mchungaji Njoya akaumizwa. Kanisa likiwa limesimama mbele ya serikali. Ni historia ya kweli na ya kujivunia, lakini pia imetuzoesha kuangalia nje ya geti tu. Nyani haoni kundule.

Shosho akaweka sweta chini akasema, "Pasta mwanangu, nisomee Yeremia 22, kumi na tatu." Pasta akafungua simu, akasoma, na katikati sauti ikapungua. Ni ole kwa mtu anayejenga nyumba yake kwa udhalimu, anayemtumikisha mwenzake bure bila kumpa mshahara wake. Inaendelea kuhusu vyumba vikubwa, madirisha, mbao za mierezi, rangi nyekundu. Ni mfalme Yehoyakimu anaambiwa, na analinganishwa na baba yake Yosia ambaye aliwatetea maskini na wahitaji, halafu Mungu anauliza, si huko ndiko kunijua mimi? Shosho hakuhubiri. Alisema tu, "Rangi nyekundu iko hapo ukutani," akachukua sweta yake.

Kukanyamaza. Nilisikia mtu anameza chai.

Sitadanganya kwamba kila kitu kiliisha vizuri baada ya hapo. Mshahara ulipita bila kura, 16,113.75 kuanzia Januari 2025, mkataba wa kuandikwa, NSSF, Jumatatu ya kupumzika na vijana wakishika zamu. Ile 37,400 ikatolewa kwa hesabu ya deni, ibaki zawadi. Kwa malimbikizo ndio kulikua na vita. Wakili mmoja wa kanisa alikua ametuambia kwa simu kwamba sheria inarudi nyuma miaka mitatu, basi. Miaka mitatu ni 254,568.60. Iliyobaki, 216,624.40, ni ya nyuma ya hapo na hakuna korti ingetulazimisha.

Mimi nilisema Zakayo hakumuuliza wakili miaka mingapi. Alisema kama nimemdhulumu mtu namrudishia mara nne, na Yesu hapo ndipo akasema wokovu umefika nyumba hii, baada ya hesabu, sio kabla. Mwenyekiti wa ujenzi akasema Zakayo alikua tajiri, sisi tuna deni la taili. Mwingine akasema, na huyu nilimuelewa, tukilipa yote ujenzi unasimama mpaka mwaka ujao na waumini ambao pia hawana pesa wametoa kwa ajili ya nyumba, sio kwa ajili ya makosa ya kamati. Ni hoja nzito, siwezi itupa. Lakini sikiza vile imekaa: maskini wa ndani ya kanisa wanatumiwa kama sababu ya kutomlipa maskini wa getini, na sisi wenye tulipitisha ile laini ya 96,000 tuko katikati tunakunywa chai. Kura ikawa sita kwa tano. Miaka mitatu tu.

Nilimwangalia Mzee wakati wa kura. Alikua anapiga mistari kwa kitabu na rula ya plastiki, anatengeneza ukurasa mpya.

Zile pesa zimelipwa kwa miezi kumi na miwili, 21,214.05 kila tarehe tano juu ya mshahara, na kila mwezi anatia tiki. Hizo senti tano aliniuliza zinatumwaje kwa M-Pesa, tukacheka, tukazungushia ikawa 21,215. Miwani alinunua mwezi wa kwanza. Ananiita kijana wangu tena, ingawa simu yangu nikiitoa karibu na kibanda bado anaiangalia vibaya kidogo.

Ile bahasha ya 37,400 hajawahi iandika popote. Nilimuuliza. Alisema alinunua mabati ya nyumba ya mama yake na Mungu anajua, lakini kwa kitabu haina ukurasa.

Na ile 216,624.40, mimi kila ripoti ya mwezi naiweka chini kabisa, chini ya madeni ya taili na stima: malimbikizo ya mlinzi, 2019 hadi 2021. Shosho na wenzake watano wameanza kuchanga mia tano tano kila mwisho wa mwezi, wanampelekea wenyewe na anawaandikia risiti, kwa hivyo namba inashuka, polepole sana. Majuzi Mama Mhazini aliniita kando baada ya ibada akaniuliza kwa upole kama naweza itoa hio laini kwa ripoti, juu kamati ilishapiga kura na wageni wanaoona ripoti wanauliza maswali. Nikamwambia Mwalimu, kura ilikua ya kutolipa, haikua ya kusema hatudaiwi. Akanyamaza, akaangalia upande wa geti, akaniambia basi nibadilishe fonti iwe ndogo. Bado ni ile ile, saizi 12.